Kumbukumbu ya chumba cha mama: mimi na kuvu, Entebbe

Juni, wiki ya kwanza

Naanza kuandika manake hii kazi nikiiweka kichwani tu nitasahau nilifanya nini lini. Nyumba tunayopanga iko Entebbe, kwenye mteremko wa kwenda ziwani, matofali ya kuchoma, plasta ya simenti, mabati juu. Chumba cha nyuma analala mama na binti yangu wa miaka 6 ambaye ana pumu. Mvua za Machi mpaka Mei zilipokatika nikavuta kabati ili nifagie nyuma yake, nikakuta ukuta mweusi kuanzia sakafuni hadi juu kidogo ya goti, upana wote wa kabati, madoadoa kama mtu kapuliza masizi na harufu ya gunia lililoloa likasahauliwa. Waganda wanaita obukuku. Sisi tuliokulia kambini na Kiswahili chetu cha jeshi tunasema kuvu, wengine fangasi.

Kilichoniuma si ukuta. Ni kwamba mtoto amekohoa usiku miezi miwili nzima, mimi nasema ni baridi ya ziwa, nanunua dawa, na kuvu lenyewe liko mita moja kutoka kwenye mto wake.

Na si mara ya kwanza. Mwaka jana lilitokea hapohapo, fundi mmoja wa rangi akapiga anda koti, ile rangi ya kutangulia, na rangi juu yake bila kuosha, ukuta ukapendeza miezi 3, halafu rangi ikavimba na kuanza kubanduka kama ganda la muhogo. Safari hii sinunui rangi mpaka nijue maji yanatoka wapi. Kuvu bila maji halikai.

Mtoto na mama wamehamia sebuleni kuanzia leo.

Juni, wiki ya pili

Nimefanya jaribio la kavera, yaani karatasi ya nailoni, na naomba kila mtu mwenye ukuta kama wangu alifanye kabla ya kutoa hela. Unakata kavera safi, kipande cha kama sentimita 30 kwa 30, unafuta sehemu ya ukuta ikauke, unabandika kavera kwa selotepu pande zote 4 hewa isipite, unaacha siku 2. Ukikuta matone upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, ujue ukuta wenyewe una maji. Ukikuta unyevu upande wa nje, unaoangalia chumba, basi ni hewa ya chumbani ndiyo imejaa mvuke.

Nilibandika mbili. Ya chini, karibu na sakafu, ilikuwa na matone ndani, manene, niliyahesabu kwa kidole yakateremka hadi kwenye selotepu. Ya juu, usawa wa kifua, ndani kavu kabisa lakini nje asubuhi ilikuwa na ukungu kama kioo cha gari. Kwa hiyo nilikuwa na matatizo mawili yamevaa nguo moja, ndo maana kila nilipotibu moja lingine linarudisha kuvu.

Nikatoka nje nikazunguka. Nyuma ya kile chumba watu waliwahi kumwaga marumu, ule udongo wa changarawe, ili pasiwe na tope, wakashindilia vizuri tu, lakini udongo umepanda mpaka umefunika ile dipisii, yaani karatasi nyeusi inayolazwa kwenye msingi ili maji ya ardhini yasipande kwenye matofali. Udongo ukiwa juu yake ni kama haipo, maji yanairuka yanaingia ukutani moja kwa moja. Halafu gata, mfereji wa kukinga maji ya bati, imetoboka palepale juu, mvua ikinyesha maji yote ya bati la nyuma yanadondoka sehemu moja, na udongo ule unaurushia ukuta matope. Alama ya matope iko wazi, nimepita hapo miaka 2 siioni.

Nimeenda kwa mwenye nyumba. "Asalaam aleikum Hajji," nikamuonyesha picha kwenye simu na ile kavera yenyewe. Akanyamaza, akaishika, akasema, "Mwanangu, gata na udongo hiyo juu yangu, ndani fanya wewe." Nimeshukuru sana.

Juni, wiki ya nne

Nje kwanza. Vijana wawili wamechimba marumu siku moja, tumeshuka sentimita 15 chini ya dipisii, tukaacha mteremko maji yaende mbali na nyumba, na mtaro mdogo wa kokoto chini ya bati. Gata imezibwa na bomba la kushusha maji limewekwa. Hakuna cha kusimulia zaidi, kazi ya jembe ni kazi ya jembe.

Jirani, mama mtu mzima ninayemheshimu, akanishauri niwashe sigiri, jiko la makaa, ndani ya chumba nifunge mlango ukuta ukauke haraka. Nimemkatalia kwa adabu lakini nimekataa kabisa. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na watu wanalala na sigiri ndani wasiamke. Ukuta utakauka kwa dirisha na feni, hata ikichukua mwezi.

Julai, Jumamosi ya kwanza

Siku ya kusafisha. Watu wa mazingira wa serikali ya Marekani, EPA, wanasema sehemu isiyozidi kama mita 1 kwa mita 1 unaweza kufanya mwenyewe, ikizidi hapo au kama maji yameharibu sana uite wataalam. Yangu ilikuwa chini ya hapo. Nilivaa maski ya N95 (ya kitambaa haizuii vumbi la kuvu), glavu za mpira hadi karibu na kiwiko, na miwani ile ya fundi chuma iliyofunga pembeni. Mlango umefungwa, shuka lililoloa chini ya mlango, dirisha wazi, feni dirishani inapuliza kwenda NJE.

Kosa ambalo nililifanya mwaka jana ni kupiga brashi kavu. Ukisugua kuvu likiwa kavu unalirusha hewani, linaenda kutua kwenye godoro na nguo. Safari hii nimelowesha kwanza kwa maji ya sabuni ya unga, nikasubiri, nikakwangua rangi iliyovimba ikiwa imeloa, nikasugua kwa brashi, nikafuta na vitambaa vya zamani na kila kitambaa kikichafuka kinaingia kwenye kavera inafungwa. Maji ya ndoo yalitoka rangi ya chai ya rangi.

Baada ya sabuni ndo nikapita na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kikombe kimoja kwenye lita 4 za maji. Jiki inatoa weusi juu ya plasta lakini haizami ndani, ndo maana ukiipaka tu bila kusugua na bila kukausha unaona peupe wiki mbili halafu linarudi. Na tafadhali, jiki usichanganye na siki, wala dawa ya choo yenye asidi, wala kitu chenye amonia. Inatoa gesi inayochoma mapafu, na hicho chumba ni kidogo.

Mbao ya nyuma ya kabati ilikuwa laini, kidole kinaingia. Hiyo na kapeti nimetupa. Vitu vinavyonyonya maji hivi kuvu linaingia hadi ndani, huoshi likaisha.

Halafu kulikuwa na sanduku la mama. Gomesi yake, lile gauni la heshima la kina mama wa Uganda, imefuliwa na jua limefanya kazi yake. Lakini picha ya marehemu baba akiwa na kombati, ile ya pekee tuliyonayo, ilikuwa na unyevu ndani ya fremu na nyuzinyuzi nyeupe kwenye kona, karibu na bega. Nilitamani kuifuta hapohapo, nikajizuia, ukifuta picha yenye kuvu bichi unatawanya wino wake. Nimeitoa kwenye kioo, imekaa kivulini penye upepo siku 3 ikauke, ndo nikaibrashi nje na brashi laini ya rangi za maji, maski usoni. Kona imepauka. Uso uko salama. Mama ameishika muda mrefu bila kusema kitu.

Agosti

Kavera ya chini nimerudia, bado ina jasho kidogo. Nasubiri. Mwishoni mwa mwezi imetoka kavu, nikapiga chokaa badala ya rangi ya plastiki, manake chokaa inaacha ukuta upumue na kuvu haliipendi. Funika macho ukipaka, inaunguza.

Sasa tatizo la juu, mvuke. Matundu ya hewa juu ya dirisha mama aliyaziba na magazeti zamani kwa ajili ya mbu. Nikamwomba tuyazibue akasema, "Na mjukuu wangu akipata malaria utanijibu nini?" Ana haki kabisa. Tumetoa magazeti tukapigilia nyavu ya mbu, hewa inapita, mbu hapiti. Kabati limesogezwa sentimita 10 kutoka ukutani. Maharage hayachemkii tena ndani jioni na nguo mbichi hazianikwi chumbani.

Kipima unyevu nilichonunua Kampala kilisoma asilimia 84 asubuhi kabla ya hayo yote. Sasa kinasoma 70, 71. Walewale EPA wanashauri chini ya 60, lakini hapa ziwani hewa ya nje yenyewe asubuhi nyingi imepita hapo, kwa hiyo naangalia zaidi ukuta uwe mkavu. Mtoto amerudi chumbani.

Novemba, katikati ya mvua

Imenyesha siku 4 mfululizo. Kavera ya chini: kavu. Nyuma ya kabati: peupe, nimepita na tochi. Kona ya dirisha kumetokea vidoa vitano vidogo kwenye mbao, nimefuta na sabuni siku hiyohiyo na nimeona putii imepasuka, maji yanapita hapo. Mtoto wiki hii ameamka na kikohozi usiku mmoja tu. Jumamosi nanunua putii.