Tatu au nane?

Mwaka wangu wa pili maabara ndo nilipowapotezea watu wiki nzima, na kosa lenyewe ni mwandiko tu.

Tulikuwa tunahangaika na dirisha la kamera ya infraredi (ile inayoona joto badala ya mwanga) kwenye makombora ya kasi kubwa. Kitu kikienda mara 6 ya kasi ya sauti, hewa inayogota mbele yake inapita nyuzi 1,000 bila shida, sasa wengi wanadhani balaa ni dirisha kuyeyuka, wala, dirisha lenyewe ni la yakuti samawi ya kutengenezwa, na hiyo inavumilia mpaka nyuzi 2,000 na ushee. Inaweza kupasuka kwa joto la ghafla, hiyo sawa, ila hata ikipona, ikishapata moto inaanza kutoa yenyewe mionzi ileile ambayo kamera inaitafuta, yaani unachungulia nje usiku na kioo ndo kinawaka. Kwa hiyo unapuliza gesi baridi kwenye mwanya mwembamba mbele ya dirisha, itambae juu yake kama shuka.

Handaki letu la upepo, yaani bomba la kujaribia vitu kwenye upepo wa kasi, lilikuwa la mshtuko, upepo unadumu milisekunde chache tu umeisha, kitu hakipati hata muda wa kupata moto. Kwa hiyo pale pa dirisha tuliweka bamba lenye sensa 10 kwa mstari, unapima joto linaloingia ukiwa na gesi na bila gesi, mengine hesabu. Lebo za waya niliandika mimi.

Grafu ikatoka na kinundu. Sensa ya tatu, karibu kabisa na mwanya, inaungua, ya nane kule nyuma imepoa vizuri, wakati shuka la gesi huwa linachanika kadri linavyorudi nyuma na kuchanganyika na hewa ya moto. Badala ya kushtuka tukafurahi! Prof akasema lazima kuna wimbi la mshtuko (hewa iliyobanwa ghafla na kupata moto) linapiga pale kwenye tatu, mimi nikamchorea na mchoro, tukarudia mara nne, kinundu kilekile palepale, tukazidi kuamini (kumbe waya uliokosewa unakosea vilevile kila siku).

Ijumaa fundi wetu, mzee mmoja asiyependa maneno, akaingia chini ya meza na tochi. Akaniita.

"Kijana, hii ni tatu au nane?"

"Tatu, mzee."

"Na hii?"

Nikanyamaza. Nane yangu ilikuwa haijafungika upande wa kushoto.

Tukaenda kwenye kompyuta, nikazibadilisha nafasi safu mbili, ya tatu na ya nane, kinundu kikapotea, joto likapanda polepole kutoka kwenye mwanya kwenda nyuma kama inavyotakiwa. Data yote ilikuwa salama. Ila prof alishaandika kurasa mbili nzima, nikamkuta bado anaandika.

Akaiangalia grafu mpya muda mrefu. "Na lile wimbi?"

"Halikuwepo, prof."