Alama ya saba

Juzi binti yangu alikuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye droo yangu ya makaratasi, akaibuka na karatasi ya shabaha iliyokunjwa mara mbili.

"Baba, hii yenye tundu moja ya nini?"

Nikamwambia hayo ni matundu matano. Akaikunjua, akaiangalia dirishani, kisha akaniangalia mimi kwa ile huruma ambayo watoto huwawekea wazazi wanaoanza kuchanganya mambo.

Ni matano kweli. Ni kazi ya Mzee mmoja wa Ohio, Marekani, mwenye kerezo, ile mashine ya kuchongea chuma, na kiasi fulani ni kazi yangu. Kiasi gani, hapo ndipo penye mgogoro.

Mzee alikuwa mpiga shabaha wa mezani. Kwa mtu aliyejifunzia ufundi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kama mimi, mchezo huo ulikuwa kioja. Bunduki inalazwa juu ya meza ya zege, mbele inaegemea stendi, nyuma mfuko wa mchanga, na mwenyewe anaigusa kwa ncha za vidole tu, kana kwamba ina homa. Katikati ya duara hapana maana sana. Kinachotafutwa ni kupitisha risasi tano mahali pamoja kwa umbali wa yadi 100, halafu unapimwa umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga tano zikaachana kwa inchi 0.009, na ilichukua miaka 40 mpaka mtu mwingine kumpita. Ndiyo maana kwenye mashindano wanaweka karatasi nyingine inayotembea polepole nyuma ya shabaha, isije ikawa mtu kapiga moja akadai ni tano.

Mama nilipompigia simu kumwambia kwamba jioni namsaidia Mzee kutengeneza vifaa vya bunduki, kitu cha kwanza aliuliza kama nina kibali. Nikamtuliza, nikamweleza kwamba bunduki yenyewe haiwindi wala hailindi, kazi yake ni kutoboa karatasi. Akakaa kimya kidogo. "Sasa karatasi imewakosea nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Turudi kwenye kifaa.

Mzee alitaka tyuna, uzito mdogo wa kufunga kwenye mdomo wa mtutu. Risasi ikiondoka, mtutu mzima unatetema, na mdomo wake unapanda na kushuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ukifunga uzito mdomoni, ukausogeza mbele au nyuma kidogo kidogo, unabadilisha ule wakati ambao risasi inatoka. Ukiupata wakati wake, risasi ambazo kasi zao zinapishana kidogo huangukia pamoja badala ya kupangana juu na chini. Wapigaji wengi wa 6 PPC, aina ya risasi inayopendwa kwenye mchezo huu, wanaitafuta hali hiyo kwa baruti: wanajaza maganda pale pale uwanjani, jua likipanda wanaongeza au wanapunguza kidogo. Mikono ya Mzee ilikuwa imeanza kutetemeka na kupima baruti kulikuwa kunamchosha. Alitaka ajaze kila kitu nyumbani, akifika uwanjani azungushe tu.

Tatizo lilikuwa uzito. Kwenye kundi la mashindano liitwalo Light Varmint, bunduki nzima pamoja na darubini yake haitakiwi kuzidi pauni 10.5, na yake ilikuwa imebakiza wakia tano, yaani kama gramu 140. Kwa hiyo chuma tukakiacha, tukachukua alumini.

Kiwandani mchana nilikuwa nabonyeza vitufe, kompyuta ndiyo inakata. Kwa Mzee kulikuwa na kerezo la South Bend la zamani ya kushika mpini kwa mkono, na nadhani nilikuwa naenda kwa ajili ya ile mashine zaidi ya bunduki. Thredi ya nje, kwenye mtutu, niliimaliza bila presha. Thredi ya ndani, kwenye tyuna, ndiyo inayompima fundi. Kisu kimezama kwenye tundu, hukioni, unabaki kusikiliza. Nikaanza kwa elfu mbili za inchi, yaani inchi 0.002, kila nikipitisha, nikashuka hadi moja, mwishoni nikawa nakipitisha bila kuongeza chochote, maana shina la kisu hupinda kidogo likibeba mzigo na kuacha deni ndani. Mzee alishikilia thredi ziwe 40 kwa inchi. Hesabu yake ilikuwa safi: mzunguko mmoja unasogea elfu 25 za inchi, ukichonga alama 25 kwenye ukingo, kila alama ni elfu moja.

Alama hizo! Kifaa cha kugawia duara, mpini unazunguka mara 40 ndipo kazi izunguke mara moja. Gawanya kwa 25: mzunguko mmoja na matundu tisa kwenye duara la matundu 15. Moja na tisa, kwaruza. Moja na tisa, kwaruza. Mzee alikaa juu ya ndoo akihesabu kwa sauti kama karani wa kura, na alama ya mwisho ilipoangukia sifuri barabara, akavua kofia.

Tulienda kuijaribu asubuhi ya baridi, uwanja una umande bado. Mbele yetu kulikuwa na vibendera vya upepo vimepangwa kuanzia mezani hadi kwenye shabaha, mikia yao inacheza, upepo unatoka kushoto. Mimi nilikuwa kwenye darubini ya pembeni.

Sifuri: risasi tatu zikapangana wima kama vifungo vya shati. Mzee akalegeza skrubu, akasogeza alama moja. Bado wima. Ya tatu, ya nne, wima umefupika. Kwenye ya sita, mbili zimeshikana na moja imening'inia chini yake. Hakuna aliyekuwa anaongea. Mzee alikuwa anaandika kwenye daftari kwa penseli, herufi zake zinayumba, kisha anashika bunduki na mkono unatulia, sijui ulikuwa unatulia vipi.

Kwenye ya saba risasi tatu zikaingia tundu moja. Akaendelea mpaka ya kumi na moja, matundu yakaachana tena, juu na chini. Akarudi kwenye saba, akaweka karatasi mpya, akaweka risasi tano mezani.

Ya kwanza ilipiga pembeni kidogo ya duara, ndivyo alivyotaka. Ya pili sikuiona. Nikasogeza jicho, nikarekebisha darubini, tundu ni lile lile ila limenenepa upande wa kulia. Nilikuwa karibu kusema neno, Mzee akanyanyua kidole kimoja bila kunitazama. Vibendera vikaanguka. Vyote kwa pamoja, mikia chini, uwanja mzima haupumui. Akapiga tatu zilizobaki haraka haraka, bolti inakwenda na kurudi, ganda linaruka, lingine, lingine, na moshi mwembamba ukabaki umesimama juu ya mtutu.

Tulipima kwa kalipa: inchi 0.112.

Nilikuwa tayari kushangilia tyuna yangu. Jirani wa meza ya pili akaja, akaitazama karatasi, akatikisa kichwa. Kwake tyuna ni hirizi tu. Upepo, alisema, upepo umekufa ndiyo mkapata hicho. Mzee akamjibu kwamba upepo unasukuma pembeni, sisi tulikuwa tunatibu juu na chini. Jirani akamkumbusha, na ni kweli, kwamba risasi inazunguka, kwa hiyo upepo wa kushoto hauipeleki kulia peke yake, unaishusha kidogo pia. Wakabishana mpaka chai ya kwenye chupa ikapoa. Dawa ilikuwa kupiga tena tano kwenye saba na tano kwenye sifuri, lakini vibendera vilikuwa vimeshaanza kucheza na risasi za Mzee zilikuwa zimeisha.

Karatasi akanipa mimi. Akaandika pembeni tarehe, joto, na "alama ya 7". Ya upepo hakuandika.

Mzee hayupo tena. Bunduki ilienda kwa mpwa wake, kijana wa watu, mpole. Mwaka jana alinitumia ujumbe kwamba ameifungua ile tyuna, ameiweka kwenye boksi, na bunduki inapiga vizuri vile vile. Nikamuuliza siku hiyo upepo ulikuwaje.

Akasema hakuangalia.