Nyanya na Jina la Luna

Dadangu alijifungua Jumatatu, tarehe 23 Julai 2018, na kabla hajatoka wodini alikuwa ameshaamua: mtoto ataitwa Luna. Nyanya alilirudia jina mara mbili, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Luna ndio nini?"

Nikageukiwa mimi. Nilikuwa mwaka wa pili nasomea uuguzi, na kwetu Majengo, Pumwani, ukishajua majina ya mifupa basi Kilatini chote ni chako. Nikajitutumua. Luna ni mwezi, Nyanya, ule wa angani, si ule wa kulipia kodi; wa kodi wenzetu waliuita mensis. Tena limetoka tumbo moja na lux, nuru. Warumi walikuwa na mungu wa kike wa jina hilo... "Astaghfirullahi!" Nikaruka upesi hadi Jumatatu: kwao ni dies Lunae, siku ya mwezi, ndiyo Mfaransa akasema lundi.

"Si kazaliwa Jumatatu?" dadangu akadakia.

Nikashika kidole gumba cha Nyanya. Hiki kihilali cheupe, kucha inapoanzia, kinaitwa lunula, kijimwezi. Akakitazama kwa muda, akakisugua na leso kana kwamba ni unga. Niliona nimeshinda.

Moja sikulisema. Lunaticus, mtu ambaye wazimu wake hupanda na kushuka na mwezi. Humo ndimo Waingereza walimopata neno lao la kichaa. Ningelitamka tu, jina lingezikwa palepale.

Ijumaa usiku mwezi ukapatwa. Julai ya Nairobi ni mawingu na baridi ya kuuma masikio, lakini saa nne ikiwa imeshapita nusu, wingu lilipasuka, tukauona juu ya mabati, mwekundu kama kaa linalotaka kuzimika, na Mirihi jirani yake. Ulifunikwa mzima kwa saa 1 na dakika 43. Hakuna kupatwa kwa mwezi kurefu kuliko huko karne hii. Wanaume walikuwa msikitini. Mtoto Nyanya alikataa katakata asitolewe nje. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni, leso mbili mabegani.

"Mjomba wako," akaniambia bila kunitazama, "mwezi ukiwa mchanga tulikuwa tukimfungia ndani. Hilo Warumi wako hawakulisema?"

Nikameza mate. "Walilisema, Nyanya."

"Nilijua. Siku ile ulimaliza kuongea unajikuna shingo." Akanyamaza kidogo. "Mwiteni Badria. Ni mwezi huohuo, ila huo umejaa."

Jumapili, siku ya akika, likasomwa Badria, na ndilo lililoandikwa kwenye cheti. Jikoni, kwa sauti ya chini, dadangu humwita Luna.

"Nimesikia!" hujibu Nyanya kutoka chumba cha pili.