Postbayotiki kwenye mabwawa yangu ya perege, Mingoyo

Nafuga perege Mingoyo, mkoani Lindi, kwenye bonde la Mto Lukuledi. Masika ikikolea, tope na uchafu wa mashambani huteremka, na baada ya hapo wanaanza kuonekana samaki wenye vidonda ubavuni au macho yaliyovimba. Mara nyingi ni kazi ya Aeromonas au Streptococcus, bakteria ambao mara nyingi huwamo bwawani wakingoja samaki adhoofike.

Wapo wanaomwaga antibayotiki ya kuku. Mimi nakataa kabisa. Inaua bakteria wabaya na wema pamoja, inazalisha usugu, na mabaki yake yanaishia kwenye sahani ya mteja.

Nilimwuliza Bwana Samaki wetu kuhusu probayotiki, wale bakteria wema walio hai. Akaniambia, "Kaka, kwa joto hili na umeme wa kukatika utawatunza wapi? Tumia waliokufa." Hiyo ndiyo postbayotiki. Tafsiri iliyotolewa na jopo la wanasayansi mwaka 2021 inasema ni vijidudu visivyo hai, au sehemu zake, vyenye faida kwa afya ya anayevila. Kuta za seli za chachu, kijidudu kilichomo kwenye hamira, zina betaglukani, aina ya kabohaidreti. Kinga ya samaki huitambua kama mlinzi anayesikia nyayo nje ya uzio, ikajiweka tayari kabla adui hajaingia. Utumbo ukiwa imara, bakteria wabaya wanakosa pa kujishikiza.

Mimi natumia hamira ya mandazi. Naikoroga kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari guru, naiacha ichachuke hadi kesho yake, kisha naipasha kwa moto mdogo wa mkaa, nyuzi 80, nusu saa nzima. Kipimajoto ni lazima. Ikipoa nachukua kidogo na kukitia kwenye maji mapya ya sukari: kisipotoa povu hadi asubuhi, chachu imekufa kweli. Kwa kilo moja ya chakula natumia hamira iliyokuwa gramu 10 ilipokuwa kavu. Naipaka kwenye punje, namalizia na mafuta kidogo ya alizeti ili isioshwe na maji, halafu naanika kivulini mpaka zikauke vizuri. Chakula chenye unyevu huota ukungu, na sumu ya ukungu ni balaa kubwa kuliko vidonda.

Bwawa moja niliendelea kulilisha chakula cha kawaida ili nipate cha kulinganisha. Mvua zilipokuja, lile la kawaida lilitoa wagonjwa wengi zaidi, na samaki wake walichelewa kuchangamkia chakula. Mabwawa mawili hayatoshi kuthibitisha jambo, lakini yalitosha kunifanya niendelee.

Jirani yangu, mama mwenye mabwawa upande wa pili wa barabara, aliniuliza kama sasa anaweza kulisha bila kujali. "Hapana, dada," nilimwambia. Chakula kinachobaki kinaoza, kinaleta amonia, na kinakula oksijeni ambayo alfajiri tayari ni haba. Mimi huzamisha mkono majini; kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijalowa, maji yamekuwa mazito, napunguza chakula na kuingiza maji mapya. Postbayotiki inamsaidia samaki aliye kwenye maji mazuri.

Shemeji yangu wa Mikindani anafuga mwatiko kwenye maji ya chumvi, ambako tishio kubwa ni bakteria waitwao Vibrio. Ameomba nimwandalie chakula hiki, naye atatenga bwawa moja la kulinganisha.