Nilivyofundisha takwimu kwa mwanafunzi asiyeona

Ninaongoza mazoezi ya takwimu kwa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi. Mwaka juzi, kabla somo halijaanza, mkuu wa darasa alinifuata: “Asistanti, kuna ndugu yetu mmoja haoni. Anauliza kama abaki ao abadilishe fakulte.” Nikasema abaki.

Kijana huyo anatoka Katuba, komuni moja ya Lubumbashi. Diploma ya serikali alikuwa nayo, Braille anaijua, na simu yake humsomea kila kilicho kwenye kioo kwa kasi ambayo sikio langu haliwezi kuifuata. Kilichomkwamisha ni silabusi yetu: fotokopi iliyopigwa picha na kugeuzwa PDF. Programu ya kusoma skrini, kama NVDA ambayo hutolewa bure, husoma maandishi. Ukiipa picha ya ukurasa inanyamaza. Ikabidi tuichape upya. Nikagawa sura kwa vikundi vya wanafunzi, kila kikundi kikachapa sehemu yake, nami nikasahihisha. Fomula tuliziandika kwa maneno, kwenye mstari mmoja: wastani ni jumla ya x zote, gawanya kwa n. Vichwa vya sura tukavipa mtindo wa vichwa uliomo kwenye Word, ili aruke moja kwa moja hadi sura anayoitaka. Faili zilipita kwa Bluetooth toka simu hadi simu, maana megabaiti ni ghali.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa mdomoni mwangu. Mwalimu wa hesabu huzoea kusema “toa hii kwenye hii, halafu zidisha na ile pale”, huku chaki ikionyesha. Nikajilazimisha kutaja kila kitu kwa jina na kusoma kwa sauti kila ninachokiandika ubaoni. Somo lilikwenda polepole kidogo. Lakini ukumbi wetu umejaa watu, ubao umechakaa, na wanaokaa nyuma walianza kuuliza maswali ambayo zamani hawakuuliza. Wao pia walikuwa hawaoni ubao, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Zikabaki grafu. Kila kikundi kilileta bei za unga wa mahindi kutoka soko la jirani, kwa sababu bei ya bukari (ugali) haimwachi mtu yeyote hapa Lubumbashi akiwa baridi. Kwa data hizo tulitengeneza histogramu ya kupapasa, yaani grafu ya nguzo zinazoonyesha ni masoko mangapi yana bei fulani: vipande vya katoni kwa nguzo, uzi mnene uliobandikwa kwa gundi kwa mihimili. Kijana alipitisha vidole kutoka kushoto kwenda kulia, akasimama kwenye nguzo moja iliyojitenga, akasema: “Hapa kuna soko moja linaumiza watu.” Ndiyo maana yenyewe ya thamani iliyo mbali na nyingine, na wengi wenye macho walikuwa hawajaiona. Tangu siku hiyo katoni zikawa zinazunguka darasa zima.

Mtihani ulihitaji karatasi rasmi. Nilimwandikia dekani nikitaja Sheria ya organiki ya Kongo (DRC) namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Niliomba mambo matatu: chumba kimya, kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, na theluthi moja ya muda juu ya ule wa wenzake. Maswali yabaki yaleyale, na alama zihesabiwe juu ya 20 kama za wengine. Hilo la mwisho kijana mwenyewe alilisisitiza kuliko mimi. Hakutaka kupewa mtihani mwepesi. Ruhusa ilikuja. Kompyuta tuliijaza chaji usiku uliotangulia, tukakopa betri ya akiba, kwa kuwa umeme hukatika bila kupiga hodi.

Ninachowasihi wenzangu walimu ni kuanza mapema. Kuchapa silabusi katikati ya semesta kunachosha, na mwanafunzi anabaki nyuma akikungoja. Kijana alipita kwenda mwaka wa pili. Kabla masomo hayajafunguliwa, niliweka faili zote kwenye flashi, nikafunga katoni na nyuzi kwenye mfuko, nikampelekea asistanti atakayemfundisha. Alinipigia jioni hiyohiyo kuuliza jinsi ya kuandika fomula zake.