Jinsi nilivyomweleza baba neno lililoandikwa kwenye cheti chake

Baba alichimba dhahabu Chunya kwa miaka mingi, na hata alipoacha kushuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, aliendelea kushinda karibu na karasha, mawe yanaposagwa, akiwasimamia vijana. Pumzi ilipoanza kumwishia njiani nilimpeleka hospitali Mbeya mjini, akapigwa picha ya kifua, makohozi yakapimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Kwenye cheti paliandikwa neno moja: numokoniosisi. Hatukuelezwa maana yake, na baba, aliyeliona kama ugonjwa wa watu wa mbali, alirudi kwenye karasha.

Nilimkanya, hakusikia. Ndipo nilipoamua kulitafuta neno lenyewe. Asili yake ni Kigiriki: pneumon ni pafu, konis ni vumbi, na tamati -osis huonyesha hali ya ugonjwa. Mwaka 1867 daktari Mjerumani, Friedrich Albert von Zenker, ndiye aliyeyapa jina hilo magonjwa ya mapafu yanayoletwa na vumbi la kazini. Aina inayowapata wachimbaji huitwa silikosisi, kutokana na neno la Kilatini silex, yaani jiwe la gumegume, kwa kuwa mwamba wenye dhahabu mara nyingi hujaa silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga. Jina letu la kifua kikuu hutaja mahali panapougua. Hili linamtaja mkosaji, na kwangu hiyo ndiyo thamani yake.

Jioni moja nilimuuliza, “Baba, nimonia unaijua?”

“Nani asiyeijua?”

“Mwanzo wa neno hili ni huohuo, pafu.”

“Na mwisho wake?”

“Vumbi.”

Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba wao walikuwa wakinywa maziwa kila jioni ili kulisafisha. Iliniuma kumjibu. Maziwa huenda tumboni, mwanawe nikamwambia, ilhali chembe za silika, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, hufika kwenye vifuko vya hewa ambako mapafu hujenga makovu yasiyofutika, na mapafu ya namna hiyo hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu, kwa hiyo kupimwa mara kwa mara ni lazima.

Kesho yake hakwenda kazini. Keshokutwa alikwenda, akasimama mbali, upande upepo unakotoka, akawaagiza vijana wayamwagie mawe maji kabla ya kuyasaga.