Nyota utakazoziaga ukihamia kaskazini

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja huku, habari za baridi mmeshaambiwa vya kutosha. Za nyota je? Mimi niko Helsinki, Ufini, latitudo ya digrii 60 kaskazini, na Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, hapa hauchomozi mwaka mzima. Si mawingu, si taa za mji. Ni mgongo wa dunia wenyewe umeuziba, na darubini haisaidii kitu.

Hesabu yake nyepesi: toa latitudo yako kwenye 90. Mimi nabakiwa na 30, kwa hiyo nyota iliyo zaidi ya digrii 30 kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya Ikweta ya dunia, siipati. Msalaba uko kama digrii 60 kusini. Mpaka nishuke usawa wa Cairo ndipo ncha yake ya juu ianze kuchungulia. Suheli (Canopus), nyota ya pili kwa kung'aa usiku, nayo basi tena. Fidia niliyopewa ni kundi la nyota la Dubu Mkubwa, ambaye huku hazami kamwe, anaizunguka Nyota ya Kaskazini usiku kucha. Nyota hiyo kwa mtu wa Ikweta imelala kwenye upeo wa macho. Hapa inabidi uinue shingo.

Orioni, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, ndiye wa wote, maana mkanda wake umekaa karibu kabisa na ikweta ya anga. Ila mkao wake, loh! Kwetu Ikweta anachomoza amelala ubavu, nyota tatu za mkanda zimepandana moja juu ya nyingine, halafu anapanda moja kwa moja hadi utosini. Huku Januari anasimama upande wa kusini kama mtu, bega lake jekundu, Betelgeuse, juu kushoto, na mguu mweupe wa Rigel chini kulia. Walioko Australia wanamwona kichwa chini. Sirius, inayong'aa kuliko zote, hapa haivuki digrii 13 juu ya upeo wa macho, yaani ngumi moja na ushee ukinyoosha mkono. Mwanga wake unapenya hewa nyingi, basi inametameta nyekundu, kijani, buluu, hadi mtu adhani ni ndege inakuja. Kilimia kinaonekana kote. Juni usiulize nyota: giza lenyewe haliingii.

Kwa maoni yangu tajiri wa nyota ni aliyebaki Ikweta, na wengi wetu tuliondoka bila kutazama juu. Mlioko huko, katikati ya Mei, saa tatu usiku, elekeeni kaskazini: nyota saba za Dubu, umbo la upawa uliofudikizwa. Geukeni kusini: Msalaba umesimama wima, na kushoto kwake nyota mbili kali, Alfa na Beta za kundi la Kantarusi. Kulia, chini zaidi, kuna msalaba mwingine, mkubwa ila hafifu, usio na wenzake hao wawili. Huo ni Msalaba wa Uongo. Msiupigie picha mkanitumia.